Barua ya Sultani na Mhuri wa Siku Tisini

Anayetaka kujifunza Kithai huko huko Thailand hapati shida ya mwalimu. Bangkok na Chiang Mai zimejaa shule za lugha, kuanzia Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, ambako wanafunzi huingia darasani kila siku ya kazi, hadi shule za vyumba viwili vitatu zilizo juu ya maduka. Shida yake ni kibali. Lugha yenye toni tano, herufi 44 za konsonanti na maandishi yasiyoacha nafasi kati ya neno na neno haiingii kichwani kwa likizo ya wiki mbili. Inataka mwaka, na mara nyingi zaidi ya mwaka. Na mwaka ni muda mrefu wa kuwa mgeni. Kila dola ina namna yake ya kumkodolea macho mgeni wa mwaka mzima ambaye si mfanyakazi, si mwekezaji, hana mke wala mume wa nchi ile, bali anasema tu: nimekuja kujifunza mnavyosema.

Nataka kulinganisha jinsi Thailand, Japani na Pwani ya Afrika Mashariki zilivyomshughulikia mtu wa namna hiyo, zamani na sasa. Swali langu ni moja: nani anasimama nyuma yake na kusema "namjua huyu", na akibainika amedanganya, anapoteza nini?

Tuanze Thailand. Njia ya kawaida ni viza ya daraja la ED, yaani ya masomo. Shule iwe imeidhinishwa na serikali. Ikiwa ni ya binafsi, barua yake ya kumpokea mwanafunzi hupitia kwenye mamlaka za elimu, kisha mwenyewe anaomba viza katika ubalozi wa Thailand nje ya nchi. Kwa muda mrefu ada ya kuingia mara moja imekuwa baht 2,000, na akiingia anapewa siku 90. Kwa miaka mingi wanafunzi waliokuwa tayari Bangkok walipanda basi la usiku hadi Vientiane au Savannakhet huko Laos, au treni hadi Penang, Malaysia, wakakabidhi karatasi, wakalala siku moja au mbili, wakarudi na stika mpya kwenye pasipoti. Tangu Januari 2025 balozi zote za Thailand zinapokea maombi kwa mtandao, na safari hizo zimepungua uzito.

Siku 90 zikikaribia kwisha, mwanafunzi anaomba kuongezewa muda kwa baht 1,900. Hapo ndipo serikali inapoonyesha inamwamini nani. Anayesoma katika chuo cha umma anaweza kuongezewa hadi mwaka mzima kwa mkupuo mmoja. Anayesoma katika shule binafsi ya lugha anapewa siku 90, halafu 90 nyingine, halafu 90 nyingine, na kila mara kwa ada ile ile na foleni ile ile. Akitoka nje ya nchi katikati bila kulipia kwanza ruhusa ya kurudi, muda wote aliouongeza unafutika.

Foleni yenyewe iko kaskazini mwa Bangkok, barabara ya Chaeng Watthana, ndani ya jengo kubwa la serikali. Mwanafunzi anafika asubuhi na bahasha yake: fomu namba TM.7, picha, pasipoti, barua za shule, rekodi ya mahudhurio, na nakala ya kila ukurasa wa pasipoti uliogongwa mhuri. Kila nakala aitie saini kwa mkono wake. Ukikosekana ukurasa mmoja, anarudi kwa wapiga fotokopi na kuanza upya. Wenye uzoefu huenda na seti mbili na kalamu ya bluu, kwa sababu saini nyeusi juu ya nakala nyeusi humpa ofisa shaka kama ni saini au ni kivuli cha mashine.

Juu ya hayo kuna taarifa mbili ambazo wageni huzilalamikia kuliko ada. Sheria ya Uhamiaji ya 1979 inamtaka mgeni anayekaa mfululizo aripoti anwani yake kila baada ya siku 90. Inamtaka pia mwenye nyumba, ndani ya saa 24, aiarifu Uhamiaji kwamba mgeni amelala kwake. Wazungu huona jambo hili kama udukuzi. Mtanzania aliyekua wakati mjumbe wa nyumba kumi alikuwa mjumbe kweli hataona ajabu yoyote. Mgeni akiingia mtaani ilibidi mjumbe ajue ni nani, katoka wapi, kaja kwa nani, atakaa siku ngapi. Tofauti ni kwamba mjumbe alikuwa jirani. Angeweza kuja jioni, akakaa barazani, akanywa chai, akamwona mgeni kwa macho yake na kupima mwenyewe. Fomu TM.30, ile anayoijaza mwenye nyumba, haimwoni mtu, inaona anwani tu.

Sasa, nani mdhamini hapa? Kwenye karatasi ni shule, kwa kuwa ndiyo iliyoandika barua, ndiyo inayothibitisha mahudhurio, ndiyo inayotakiwa kusema mwanafunzi huyu yupo na anasoma. Lakini shule hiyo inalipwa na huyo huyo inayemdhamini. Ikimripoti kwamba haonekani darasani, imepoteza mteja, na mteja amepoteza viza. Ikinyamaza, wote wamefaidika na serikali haijui. Ndivyo biashara ya viza za lugha ilivyoota mizizi. Shule nzuri zilikuwepo na zipo, ila pembeni yake zikaota nyingine zilizouza mwaka wa ukaazi na kutoa masomo kama nyongeza, saa 4 hivi kwa wiki, na kama hukuja hakuna aliyekuuliza. Wateja wao walikuwa walimu wa Kiingereza wasio na kibali cha kazi, wafanyakazi wa kompyuta wanaolipwa na kampuni za nje, vijana waliopenda ufukwe, na wapenzi wa watu waliokuwa hawajaoana nao bado.

Mwaka 2014, baada ya jeshi kushika madaraka mwezi Mei, serikali iliamua kukaza. Safari za kutoka na kuingia mpakani ili kugongewa mhuri mpya zilipigwa vita, na viza za lugha zikamulikwa. Maofisa wa Uhamiaji wakaanza kuwauliza wanafunzi maswali kwa Kithai: jina lako nani, unakaa wapi, umesoma muda gani, hebu soma hapa. Waliokuwa wakisoma kweli walijibu wakaenda zao. Wengine walibaki wanatabasamu.

Wazo la mtihani lina mantiki, lakini tazama lilivyogongana na ualimu wenyewe. Bangkok ndiko ilikozaliwa mbinu moja ya ajabu ya kufundisha lugha. Katika kituo cha lugha cha AUA, kilichoanzishwa mwaka 1952, mwanaisimu wa Kimarekani J. Marvin Brown alianzisha mwaka 1984 programu inayomtaka mwanafunzi akae kimya. Asiseme, asirudie, asichukue daftari la sarufi. Asikilize tu walimu wawili wakizungumza, wakiigiza, wakichora ubaoni, kwa mamia ya saa, mpaka lugha ianze kumtoka yenyewe kama inavyomtoka mtoto. Unaweza kuikubali au kuikataa mbinu hiyo (mimi naona inafaa kwa wenye subira na fedha), lakini mfikirie mwanafunzi wake mtiifu mbele ya ofisa aliyeagizwa kupima usemaji. Miezi mitano ameitii shule yake kwa kutosema neno. Machoni pa dola anafanana kabisa na mtoro.

Ndiyo kasoro ya dawa ya 2014. Iliyouza karatasi ni shule, lakini aliyewekwa kwenye kiti cha moto ni mgeni. Shule ilipoteza mteja mmoja, mgeni akapoteza makazi.

Mgeni mwenye pesa ana hesabu nyingine kabisa. Thailand inamruhusu mwenye miaka 50 na kuendelea akae kwa mwaka mmoja mmoja akiweka benki baht 800,000. Inauza kadi ya ukaazi ya Thailand Privilege kwa mamia ya maelfu ya baht. Na Julai 2024 ilianzisha viza mpya, DTV, ya miaka 5, ambayo kila ukiingia unapewa siku 180, sharti uwe na miaka 20 au zaidi na uonyeshe baht 500,000. Viza hiyo inawalenga wanaofanya kazi kwa mtandao, pamoja na wanaokuja kwa kile serikali inachokiita mvuto wa utamaduni wa Kithai, na mifano iliyotajwa waziwazi ni ndondi za Muay Thai na mapishi. Hebu litafakari hilo. Mgeni anayekuja kujifunza kupiga teke anafunguliwa mlango wa miaka mitano. Anayekuja kujifunza kusoma magazeti ya nchi, kwa kawaida, anarudishwa kwenye ED na siku zake 90. Tofauti haiko katika uzito wa somo. Katika njia hizi zote za wenye nacho, mdhamini ni akaunti ya benki, na akaunti haihitaji barua ya mwalimu.

Siam ya kale, ndiyo Thailand ya leo, haikumwacha mgeni bila mwenye kumjibia. Huko Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, kila jamii ya wageni ilikuwa na mtaa wake kando ya mto: Wareno, Wajapani, Waajemi, Wachina, Wamalay. Kila mtaa ulikuwa na mkuu wake aliyewajibika mbele ya mfalme. Mjapani Yamada Nagamasa, katika karne ya 17, alikuwa mkuu wa namna hiyo. Mfumo huo haukuwahusu wageni peke yao, kwani hata Msiam wa kawaida alisajiliwa chini ya bwana, na asiye na bwana hakuwa mtu wa kueleweka kisheria. Nikiitazama shule ya lugha ya leo na barua yake ya udhamini, namwona yule mkuu wa mtaa amerudi, safari hii akiwa na leseni ya biashara na bei ya punguzo kwa anayelipia mwaka mzima.

Lakini ilikuwepo njia nyingine, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Katika miaka ya 1830 na 1840 mwanamfalme Mongkut alikuwa mtawa wa Kibuddha, na hekalu alilokaa kwa muda kule Samsen lilipakana na kanisa la Wakatoliki. Padri Mfaransa Jean-Baptiste Pallegoix alikuwa jirani yake. Wakabadilishana: padri akamfundisha mwanamfalme Kilatini, naye padri akaipata lugha ya Kithai na ya maandiko ya Kibuddha kutoka kwa watu wenye elimu. Baadaye Mmarekani Jesse Caswell alimfundisha Mongkut Kiingereza, na malipo yake hayakuwa fedha. Alipewa chumba katika eneo la hekalu ambamo yeye, mmisionari wa Kiprotestanti, aliruhusiwa kuhubiri dini yake. Mongkut akawa mfalme mwaka 1851, na kamusi kubwa ya Pallegoix ya Kithai, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza ikachapwa mwaka 1854. Mgeni alidhaminiwa na kile alichokuwa nacho cha kufundisha.

Mwaka mmoja baada ya kamusi ulikuja mkataba wa Bowring kati ya Siam na Uingereza, na Mwingereza aliyetaka kuishi Bangkok akawa wa kuandikishwa kwa konseli wake. Hapo udhamini ulihama kutoka kwa jirani ukaenda kwa dola yenye manowari. Sheria ya kwanza ya uhamiaji ya Siam yenyewe ilikuja mwaka 1927.

Waswahili wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Chumba cha Caswell na vipindi vya Kilatini vilikuwa jembe. Mwanafunzi wa ED wa leo amekatazwa kulishika: hana ruhusa ya kufanya kazi, na akikutwa anafundisha Kiingereza jioni kwa malipo amevunja sheria. Japani imeamua kinyume.

Huko, mwanafunzi wa shule ya lugha akiomba ruhusa anaweza kufanya kibarua hadi saa 28 kwa wiki wakati wa masomo. Mizani ya upande wa pili ni nzito vilevile. Anasoma saa 20 kwa wiki, saa 760 kwa mwaka, na mara nyingi hata kabla hajatoka kwao ameshaonyesha kwamba amejifunza Kijapani kidogo. Shule ndiyo inayomwombea hati ya ustahiki kwa Uhamiaji wa Japani, ndipo aende ubalozini. Mahudhurio yake ya mwezi yakishuka chini ya nusu, shule inatakiwa kumripoti. Na shule yenye wanafunzi wengi wanaotoroka au kuzidisha muda inashushwa daraja, wanafunzi wake wapya wanadaiwa karatasi nyingi zaidi, na hatimaye wanaotaka kusoma huenda kwingine. Kwa hiyo shule ikidanganya inaumia.

Japani haikuzaliwa na busara hiyo. Mwaka 1983 serikali ya Waziri Mkuu Nakasone ilitangaza mpango wa kufikisha wanafunzi wa kigeni 100,000 ifikapo mwanzoni mwa karne ya 21, na mwaka uliofuata masharti yakalegezwa. Shule za lugha zikaota kama uyoga. Nyingine zilimtumia barua ya kukubaliwa kila aliyelipa. Mwishoni mwa 1988, huko Shanghai, watu waliokuwa wamekwisha kulipa karo na ada, wengine kwa kukopa, waliuzingira ubalozi mdogo wa Japani wakidai viza ambazo hazikuwa zikitoka. Ilikuwa aibu ya kidiplomasia. Mwaka 1989 kikaundwa chombo cha kukagua shule hizo, na tangu hapo kila muongo umeongeza kokoto ukutani. Tangu Aprili 2024 kuna sheria kamili ya kuidhinisha taasisi za kufundisha Kijapani chini ya wizara ya elimu, pamoja na mtihani wa kitaifa wa walimu.

Je, ugonjwa umepona? Haujapona, umebadilisha sura. Jembe la saa 28 limekuwa zito kuliko kitabu. Vijana kutoka Nepal na Vietnam wanafika Tokyo wakiwa na madeni ya madalali waliowatafutia shule, wanapanga vyakula viwandani usiku kucha, asubuhi wanasinzia juu ya herufi za kanji. Mahudhurio yao yametimia, kwa kuwa kusinzia darasani kunahesabika kuwa umehudhuria. Uchumi wa nchi inayozeeka umewapokea kama vibarua waliovaa sare ya wanafunzi. Hata hivyo, nikilazimika kuchagua, naona unafiki wa Japani ni mdogo kuliko wa Thailand. Mtu anajifunza lugha kweli, tena anaitumia na mteja wa saa nane usiku. Korea Kusini imepita katikati: wanafunzi wake wa lugha wa viza ya D-4 husoma zaidi katika vyuo vikuu, na jembe wanaweza kuliomba baada ya miezi sita.

Sasa Pwani. Januari 1844 Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa na wamisionari wa Kiingereza, alitia nanga Unguja. Hakuwa na Kiswahili, na alichotaka ni kukaa bara, ajifunze lugha za watu. Sultani Sayyid Said alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani, akiwaambia kwamba huyu ni mtu mwema, wamtendee wema na wamsaidie kila aendako. Barua fupi, haina tarehe ya mwisho wala ada. Kwa barua hiyo Krapf alikaa Mombasa, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji, akamzika huko mkewe mwaka ule ule, na mwaka 1850 akachapisha Ujerumani muhtasari wa sarufi ya Kiswahili. Kadhi wa Kiislamu akimsaidia mmisionari kupata maneno ya Biblia: kisa hiki na kile cha Mongkut na padri wake vilitokea ndani ya kizazi kimoja, kando ya bahari moja ya biashara, na sidhani kama wahusika waliwahi kusikiana.

Nguvu ya barua ile ni kwamba mdhamini alikuwa Sultani mwenyewe. Krapf akiharibu, jina la Sultani limeharibika mbele ya maliwali wake. Liwali akimtesa, amemtesa mgeni wa bwana wake. Kila aliyeishika barua alikuwa na cha kupoteza.

Ila tusiipambe zaidi ya haki yake. Miaka hiyo hiyo, katika mji huo huo wa Unguja, kulikuwa na soko la watumwa. Maelfu ya Wanyasa, Wayao, Wamanyema na wengine walijifunza Kiswahili bila barua na bila hiari, nao ndio waliokuwa wanafunzi wakubwa wa lugha hii katika karne ile, kwa wingi wao na kwa haraka waliyolazimika nayo. Siam nayo ilikuwa na watu wake wa namna hiyo. Baada ya vita vya 1827 na 1828 familia nyingi za Walao zilihamishwa kwa nguvu kuvuka mto Mekong, zikapewa ardhi zilime, na wajukuu zao leo ni Wathai. Barua ya kifalme, pande zote mbili za bahari, ilikuwa ya wachache waliofika kwa meli yenye bendera. Wengine walipewa jembe siku ya kwanza.

Pwani ya leo je? Zanzibar imefundisha wageni Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 katika taasisi ya TAKILUKI, ambayo sasa imo ndani ya chuo kikuu cha SUZA. Dar es Salaam kuna TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo kikuu. Makoko, Musoma, wamisionari wa Maryknoll wamefundisha vizazi vya mapadri na masista. Arusha imepokea wanafunzi wa Kimarekani waliolipiwa na serikali yao. UNESCO imetupa Julai 7 kuwa siku ya Kiswahili duniani, na kila mwaka hotuba zinasema lugha hii ni bidhaa, tuiuze. Lakini angalia mlango wa duka. Anayekuja Tanzania kwa miezi miwili mitatu anaweza kuingia kwa viza ya kawaida ya siku 90, ile ile ya mpanda Kilimanjaro. Akitaka zaidi, anaangukia kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na mtafiti na anayejitolea. Kenya ina pasi ya mwanafunzi, na mwenye kujifunza Kiswahili kwa bibi mmoja wa Lamu hatapata mkuu wa chuo wa kumsainia fomu. Yule bibi, kwa ufundi wa lugha, anaweza kuwa juu ya chuo kizima.

Hapa ndipo naona tunaweza kuteleza kwa namna ya Thailand kabla hata biashara haijakua. Kiswahili kikipata soko tunaloliota, shule za uchochoroni zitaota Nungwi, Diani na Arusha, zitauza barua, na Uhamiaji wataanza kuwasimamisha vijana wa Kidachi na kuwataka waseme "nimekwisha kula" papo hapo. Wasiojua wataondoshwa, na waliouza barua watabadilisha kibao cha mlangoni.

Kwa Mswahili anayetaka kwenda upande wa pili, ayajue mambo machache. Thailand ilipopanua orodha ya nchi zisizohitaji viza Julai 2024 hadi kufikia 93 na kutoa siku 60, kutoka Afrika zilikuwemo Mauritius, Moroko na Afrika Kusini peke yake. Ndugu zetu wenye pasipoti ya Oman walikuwemo, wa Kenya, Tanzania, Uganda na Kongo hawakuwemo. Kwa hiyo ujanja wa Wazungu wa kuingia kitalii, kuonja shule mbili tatu na kuchagua, kwetu ni mgumu. Chagua shule ukiwa nyumbani, omba barua mapema, kisha upitie kwenye mtandao wa ubalozi. Uliopo karibu ni wa Nairobi. Usisahau cheti cha homa ya manjano, maana uwanja wa Suvarnabhumi hukiangalia kwenye dawati la afya kabla hujafika kwa Uhamiaji, na jaza kwa mtandao kadi ya kuwasili iliyoanza kutumika Mei 2025. Mwenye nafasi achague chuo kikuu cha umma hata kama ni ghali, kwa sababu tofauti ya karo atairudisha kwa foleni asizopanga. Na asikubali kamwe kuzidisha muda. Faini ni baht 500 kwa siku hadi 20,000, hilo si kubwa sana, lakini aliyezidisha zaidi ya siku 90 hufungiwa mlango angalau mwaka mzima hata akijisalimisha mwenyewe uwanjani. Akikamatwa kabla ya kujisalimisha, hufungiwa miaka mitano hata kama amezidisha siku chache.

Nimewapima wote kwa swali lile la mdhamini, na hukumu yangu haimpi ushindi yeyote kamili. Japani imejua kumwadhibu mdhamini mwongo lakini imemwachia dalali wa kule ng'ambo. Thailand inamwadhibu mgeni na kumbembeleza tajiri. Sisi hatujaamua lolote. Tuna bahati moja tu, nayo ni kwamba vyombo tunavyo: mabaraza ya Kiswahili, BAKITA Bara na BAKIZA Zanzibar, na BAKITA tayari ina kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Orodha ya shule, taasisi na walimu wanaostahili kufundisha wageni, akiwemo yule bibi wa Lamu na wenzake wa Makunduchi na Pangani, iandaliwe na vyombo hivyo pamoja na wenzao wa Kenya, ipelekwe kwenye ofisi za Uhamiaji, na aliyemo ndani yake aweze kumdhamini mwanafunzi kwa mwaka mzima. Atakayeuza barua afutwe jina hadharani. Wizara zinazohusika zilifanye hilo sasa, wakati wanafunzi bado ni wachache na majina yote yanaenea kwenye daftari moja.